Vihisi vya mtetemo kwenye droni ya kunyunyizia dawa: kilele cha nusu ya kasi kinamaanisha nini?

Mnyunyizi wa Ifakara:

Salaam wanajukwaa. Ninaendesha droni ya kunyunyizia dawa kwenye mashamba ya mpunga huku Kilombero. Ina mikono sita, tangi la lita 10 na mapangaboi ya inchi 23, na ikipaa tangi likiwa limejaa uzito wake hufika kilo 24 hivi. Kompyuta yake ya ndege inatumia programu ya ArduPilot. Mwezi uliopita mota namba 4 iliganda ikiwa juu ya majaruba. Kwa kuwa mikono ni sita, droni iliyumba, ikajigeuza nusu duara, nikafanikiwa kuiteremsha kwenye maji bila hasara kubwa zaidi ya pangaboi moja. Tulipoifungua mota hiyo tulikuta beringi ya chini imeshikana kwa kutu, gololi haziendi mbele wala nyuma.

Kinachonikera ni kwamba nilikuwa nikisoma kumbukumbu za safari kila wiki. Kipimo cha VibeZ, yaani mtetemo wa juu na chini, kilipanda taratibu kutoka 18 hadi 27, lakini kwa kuwa mwongozo unasema chini ya 30 hakuna tatizo, sikushughulika. Sasa nimeamua kila mota iwe na kihisi chake cha mtetemo. Nimeanza na vibao viwili vya ADXL345, ambavyo ni vihisi vya mchapuko, vilivyounganishwa na kompyuta ndogo ya ESP32 kwa njia ya nyaya iitwayo I2C, nikavibandika kwa gundi ya sponji ya pande mbili chini ya mota namba 1 na mota mpya namba 4. Kihisi nimekipangia sampuli 800 kwa sekunde, na programu yangu inakisoma mara 200 kwa sekunde, kisha kompyuta ya mezani inafanya uchanganuzi wa Fourier, unaotenganisha mitetemo kwa idadi ya marudio kwa sekunde.

Tangi likiwa limejaa, ESC, yaani vidhibiti vya kasi ya mota, zinaripoti mizunguko 7,800 kwa dakika, yaani 130 Hz (mara 130 kwa sekunde). Lakini kwenye mota namba 1 ninaona vilele vitatu: 41 Hz, 65 Hz na 70 Hz. Mota namba 4 inayo hivyo hivyo, ila viwili vya mwisho ni vifupi zaidi. Nimesoma kwamba kilele kwenye nusu ya kasi ya mzunguko ni dalili ya kitu kilicholegea, kwa hiyo jana nilishinda nikikaza skrubu za mikono yote sita, na leo 65 Hz iko pale pale. Hiyo 41 na 70 sioni inahusiana na nini kabisa. Naomba msaada wa kusoma vilele hivi, na mnishauri niweke kizingiti gani ili droni inionye kabla mota nyingine haijaganda.


Rubani wa Nakuru:

Pole sana ndugu, na hongera kwa kuiteremsha. Wengi wangekuwa wanaandika hapa wakiuliza bei ya fremu mpya.

Kwanza tuondoe dhana kwamba 30 ni mpaka wa afya ya mota. Namba za VIBE ni kadirio la mtawanyiko wa mchapuko unaopimwa ndani ya kompyuta ya ndege, kwa mita kwa sekunde ya mraba, na mipaka ya 30 na 60 iliwekwa kujibu swali jingine kabisa: je, kompyuta bado inaweza kukadiria kimo na mahali ilipo bila kudanganywa na mtikisiko? Chini ya 30 kwa kawaida inaweza. Ikivuka 60, karibu kila mara droni itashindwa kushikilia kimo au nafasi yake. Mota inaweza kuwa inakufa na namba hiyo ikabaki chini ya 30 mpaka siku ya maziko yake, kwa sababu kompyuta iko katikati ya fremu, inapokea mtikisiko wa mota zote sita kwa pamoja, na pengine imekalia mpira uliowekwa makusudi kumeza mitetemo ile ile unayoitafuta. Hata hivyo, kutoka 18 hadi 27 ni ongezeko la nusu nzima kwenye droni ile ile, na hiyo ndiyo habari iliyokuwa mle, si umbali uliobaki kufika 30.

Pili, ninaitilia shaka hiyo 7,800. Pangaboi la inchi 23 lina kipenyo cha mita 0.584, kwa hiyo ncha yake husafiri mita 1.83 hivi kwa mzunguko mmoja. Likizunguka mara 130 kwa sekunde, ncha inakwenda karibu mita 238 kwa sekunde, yaani takribani theluthi mbili ya kasi ya sauti, na droni imeelea tu mahali pamoja. Pangaboi hilo lingepiga kelele ya kutisha, na lingeinua mzigo mkubwa mno kuliko kilo 24 zako. Nenda ukahesabu sumaku ndani ya kengele ya mota, lile ganda la nje linalozunguka. ESC haioni mzunguko wa shafti. Inahesabu mizunguko ya umeme, na kompyuta ya ndege ndiyo inayogawanya kwa idadi ya jozi za sumaku. Kigezo chake ni SERVO_BLH_POLES, na usipokigusa huwa 14. Kama mota zako zina sumaku 28, kila kasi unayosoma ni mara mbili ya kasi halisi.


Mnyunyizi wa Ifakara:

Nimehesabu mara mbili, mara ya pili nikitia alama ya wino ili nisijidanganye. Ni sumaku 28.

Kwa hiyo kasi halisi ni 3,900 kwa dakika, sawa na 65 Hz, na kile nilichokiita nusu ya kasi ndiyo kasi yenyewe. Skrubu zangu zimekazwa bure, ingawa naamini hazijachukia. Lakini 70 na 41 bado zimenishinda.


Asha wa Takwimu:

Hiyo 70 haipo, kaka. Umeitengeneza mwenyewe bila kujua.

Pangaboi lenye mabawa mawili hupiga hewa mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo tunatarajia kilele kingine kwenye 130 Hz. Wewe unasoma mara 200 kwa sekunde, na usomaji wa namna hiyo hauwezi kuonyesha chochote kilichozidi 100 Hz. Mtetemo wa 130 haupotei, bali hukunjwa na kurudishwa chini kama karatasi iliyokunjiwa katikati: 200 ukitoa 130 unapata 70. Ni jambo lile lile linalofanya gurudumu la gari kwenye video lionekane linarudi nyuma. Kihisi chenyewe kina kichujio cha ndani, lakini kichujio hicho hufuata sampuli 800 ulizokipangia, yaani kinaruhusu mpaka 400 Hz, na wala hakijui kwamba wewe unachukua sampuli moja katika kila nne. Uthibitisho ni mwepesi. Soma kwa kasi nyingine, tuseme mara 240 kwa sekunde, na utaona 70 imehamia 110 huku 65 ikibaki mahali pake. Kilele kinachohama kwa sababu umebadilisha namna ya kusoma si cha mashine.

Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu dalili za beringi ziko juu ya 100 Hz kwenye droni yako, na zote zitakunjwa na kuangukia mahali usipozitarajia. ADXL345 inaweza kutoa sampuli 3,200 kwa sekunde, lakini kwa njia nyingine ya nyaya tu, iitwayo SPI. Kwa I2C ya 400 kHz mwisho wake ni 800. Badilisha nyaya uhamie SPI, na usisome sampuli moja moja: kihisi kina foleni ya sampuli 32, ambayo kwa kasi hiyo hujaa katika milisekunde 10. Ukichelewa kuichota, sampuli zinapotea na spektra yako, yaani ile grafu ya vilele, inajaa takataka. Nyaya za SPI ziwe fupi. Ukiziburuta mpaka katikati ya fremu sambamba na nyaya za mota, utapima ESC badala ya mtetemo. Weka ESP32 ndogo kwenye mkono wenyewe.

Kuhusu kusafirisha data, piga hesabu kabla ya kununua chochote. Pande tatu za mtetemo (X, Y na Z), sampuli 3,200, baiti mbili kwa kila sampuli, ni baiti 19,200 kwa sekunde kwa kihisi kimoja, na kwa mota sita ni 115,200. Redio ya kawaida ya taarifa za safari haibebi mzigo huo. Fanya uchanganuzi kule kule kwenye mkono, utume namba chache kila sekunde, na data ghafi ihifadhiwe kwenye kadi kwa ajili ya kuisoma jioni.

Halafu kuna urefu wa dirisha la uchanganuzi. Ukichukua sampuli 1,024 kwa kasi ya 3,200, umepima sekunde 0.32 tu, na vilele vilivyokaribiana kwa chini ya 3 Hz vitaonekana kuwa kimoja. Sampuli 4,096 zinakupa uwezo wa kutenganisha chini ya 1 Hz, ila zinachukua sekunde 1.28, na angani mota haishikilii kasi moja kwa muda wote huo, kwa sababu kompyuta ya ndege inaisahihisha kila upepo unapopiga. Kilele kinatawanyika kama wino kwenye karatasi mbichi. Ndiyo maana kasi kutoka kwenye ESC inahitajika kando ya kila sampuli, ili upange mitetemo kwa idadi ya marudio katika mzunguko mmoja badala ya Hz.

Kabla mtu hajapendekeza akili bandia: nimecheza na data hizo. Chuo Kikuu cha Case Western Reserve kule Marekani kimeweka wazi data za beringi ambazo kila mwanafunzi huanzia hapo, lakini zile ni za mota ya nguvu-farasi 2 iliyofungwa mezani, yenye beringi kubwa ya aina ya 6205, na sampuli 12,000 na 48,000 kwa sekunde. Modeli iliyofunzwa hapo haijui chochote kuhusu mkono wa kaboni unaotikisika. Karibu zaidi na kazi yako ni data za PADRE za Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Poznań, Poland, zilizopimwa kwenye mikono ya droni ikiruka, ingawa hitilafu zake ni za mapangaboi, si za beringi. Kwa droni moja ya Ifakara, ninaona data za droni hiyo hiyo ikiwa nzima zitakufaa kuliko modeli yoyote ya kuazima.


Mzee Gololi:

Nimefanya kazi ya kupima mitetemo viwandani Tanga kwa miaka mingi, kwenye feni, pampu na vinu, na droni nimeanza kuzijua uzeeni kwa sababu ya mjukuu. Asha amesema vizuri. Naongeza ya upande wa chuma.

Ile 41 Hz: zima pampu ya dawa halafu upime tena. Nadhani itatoweka. Mtetemo ambao haubadiliki mota zikiongezwa au kupunguzwa kasi hauwezi kuwa wa mota. Viwandani tulikuwa na kijana aliyefungua beringi nzima ya feni kwa sababu ya mtetemo uliokuwa unatoka kwenye kompresa ya chumba cha pili.

Sasa mahali pa kihisi. Mwanangu, hiyo gundi ya sponji iondoe leo. Sponji ni kichujio. Inapitisha mtikisiko wa polepole na kuumeza ule wa haraka, na beringi inayoanza kuharibika husema kwa sauti nyembamba kwanza. Kibao kifungwe kwa skrubu kwenye kitako cha mota, au kibandikwe kwa gundi ngumu ya epoksi kwenye chuma kilichosuguliwa. Kihisi cha bei ndogo kilichofungwa vizuri kitakufaa kuliko cha bei kubwa kilichoning'inia.

Namna ya kuitambua beringi katikati ya kelele nyingine ni hii. Pangaboi lisilo na balansi hutikisa mara moja kwa kila mzunguko. Mabawa mawili hutikisa mara mbili. Shafti iliyopinda na kitako kilicholegea huleta mara moja, mbili, tatu, na wakati mwingine nusu. Zote hizo ni namba kamili au nusu kamili. Beringi hupenda namba zisizo kamili, kwa sababu gololi hazizunguki kwa kasi ya shafti bali zinajikokota nyuma yake. Kwa makisio ya haraka, kasoro kwenye pete ya nje hugonga mara 0.4 ya idadi ya gololi kwa kila mzunguko, na ya pete ya ndani mara 0.6. Beringi yenye gololi 8 itagonga karibu mara 3.2 au 4.8, ukijua vipimo vya gololi na pete utapata namba sahihi zaidi, nayo huwa inashuka au kupanda kidogo. Kwa hiyo kwenye 65 Hz utafute jirani ya 200 Hz, na uwe mwangalifu, kwa maana mara tatu kamili ni 195. Ni kutenganisha huku kwa vilele viwili jirani kunakohitaji zile sampuli 4,096 za Asha.

Kizingiti. Ukiweka namba moja ya ukubwa wa mtetemo, droni yako itapiga kelele kila asubuhi ukijaza tangi, na itanyamaza dawa ikikaribia kwisha. Nguvu ya kutolingana kwa uzito hukua kwa mraba wa kasi. Ikiwa ukiwa na mzigo mota inakwenda 65 Hz, na tangi likiwa tupu inashuka tuseme 50, basi pangaboi lile lile lenye kasoro ile ile litatikisa kwa asilimia 59 tu ya nguvu ya mwanzo. Hakuna kilichopona, dawa imemwagika shambani, basi. Kwa hiyo linganisha mota na yenyewe, kwenye kasi ile ile, na kipimo chake ilipokuwa mpya. Mimi huanza kuangalia kwa makini kipimo kinapofika mara mbili ya kile cha mwanzo, na hilo ni zoea langu la kazi, si sheria.

Kuna kipimo kingine kiitwacho kurtosi, kinachopima jinsi mtetemo ulivyo na miruko mikali ya ghafla. Mtetemo wa kawaida wa beringi nzima hukaribia 3, na gololi zinapoanza kugonga kishimo hupanda. Kizuri chake ni kwamba kinawahi. Kibaya, beringi ikiharibika sana, vishimo vinakuwa vingi, mgongano unakuwa wa mfululizo na kipimo kinarudi chini kana kwamba mgonjwa amepona. Nimewahi kushangilia grafu ya namna hiyo siku mbili kabla ya beringi kusagika.

Usipime ukiwa hewani kwanza. Geuza mapangaboi juu chini na uyahamishe kila moja kwenye mkono wa jirani, ili yasukume droni chini badala ya kuiinua. Ni mbinu ile ile inayotumika kusawazisha dira dhidi ya mkondo wa mota. Hata hivyo ifunge kwa kamba, na watu wakae mbali. Pima kwenye kasi mbili tofauti, pampu ikiwa imezimwa. Kisha badilishana mapangaboi kati ya mota mbili zinazozunguka upande mmoja, upime tena. Kilele kinachohama na pangaboi ni cha pangaboi. Kinachobaki ni cha mota.


Kaka wa Sengerema:

Kwa heshima zote, mnamchosha mwenzetu. Beringi za mota hizi si ghali ukilinganisha na droni yenyewe. Abadilishe zote kila baada ya saa fulani za kuruka, azungushe kengele kwa kidole kila asubuhi asikilize, amalize habari. Mimi nafanya hivyo na sijaanguka.


Mzee Gololi:

Kidole ni kihisi kizuri na sijaacha kukitumia, ila kinapima mota isiyo na mzigo. Na beringi mpya iliyopigwa nyundo wakati wa kuingizwa huanza safari ikiwa na kishimo tayari; nimeona mashine zikiharibiwa na matengenezo ya ratiba kuliko na kazi. Badilisha kwa ratiba ukitaka, lakini pima baada ya kubadilisha.


Rubani wa Nakuru:

Naongeza la tahadhari upande wa pili: mtetemo hauoni kila kitu. Kiungo cha lehemu kinachoachia kwenye waya wa mota, koili iliyoungua ganda, au ESC inayopoteza mpangilio kwa ghafla vinaweza kuangusha droni ambayo spektra yake ni safi kabisa. Kwenye kumbukumbu zako angalia pia ujumbe wa ESC, ulinganishe mkondo na joto la mota zote sita kwenye kasi moja, na ujumbe wa RCOU, unaoonyesha kila mota imeamriwa kufanya kazi kiasi gani. Mota moja inayoomba zaidi ya wenzake siku hadi siku ina jambo. Ila usikurupuke: mota zote za mbele zikifanya kazi zaidi, huenda betri imesogezwa mbele, na zote zinazozunguka upande mmoja zikizidi, kuna kitako cha mota kilichopinda kidogo. Ule ujumbe wa onyo kwamba msukumo unapungua, ambao ArduPilot hukutumia, huja mota ikiwa tayari imeamriwa mpaka mwisho wake, kwa hiyo usiutegemee kama dalili ya mapema.


Mnyunyizi wa Ifakara:

Nimerudi na majibu, na samahani kwa kimya cha siku tisa. Kulikuwa na kazi ya palizi.

Nilihamia SPI, sampuli 3,200, na kibao nimekifunga kwa skrubu mbili kwenye kitako cha mota namba 1. Nilirekebisha idadi ya sumaku. Mapangaboi niliyageuza kama Mzee alivyoelekeza, na droni niliifunga kwenye vigingi vinne vya chuma nyuma ya ghala. Ile 41 ilikuwa pampu: nilipoizima ikatoweka kama taa. Ile 70 ilihamia 130 mara tu nilipoanza kusoma kwa kasi ya kutosha. Dada Asha, nilijaribu pia ile ya kusoma mara 240 kabla ya kubadilisha nyaya, na kilele kilihamia 110 kama ulivyosema. Nilicheka peke yangu.

Lakini pamebaki kitu. Kwenye 65 Hz kuna kilele kidogo jirani ya 201, na tulipopunguza kasi mpaka 50 kikahamia 155. Nikigawanya, mara zote mbili ni 3.1. Nilibadilishana mapangaboi ya mota namba 1 na namba 3. Kilele cha mara moja kwa mzunguko kilifuata pangaboi, na pangaboi hilo kweli lilikuwa na kipande cha ncha kilichong'oka, kidogo kama punje ya mchele. Kilele cha 3.1 kilibaki kwenye mota namba 1 bila kutikisika.

Nikaifungua. Mafuta ya beringi ya chini yalikuwa ya kahawia lakini hayajakauka, na kutu hakuna. Niliisafisha kwa petroli, nikaitazama kwa lenzi ya simu. Gololi ni 8. Kwenye pete ya nje kuna alama hafifu, kama mtu amebonyeza kwa ncha ya kalamu, na haziko ovyo: nilizihesabu zikawa nane, zimeachana sawasawa kuizunguka pete yote. Sielewi dawa ya shambani inawezaje kula chuma kwa mpangilio kiasi hicho.


Mzee Gololi:

Si dawa. Alama nane kwa gololi nane ni gololi zenyewe zimekaa mahali pamoja bila kuzunguka huku beringi ikitikiswa. Kila mtikisiko unasukuma mafuta pembeni na chuma kinasuguana na chuma, kidogo kidogo, mpaka kila gololi ijichimbie kitanda chake. Tulikuwa tunaziona kwenye mota za akiba zilizowekwa miaka karibu na mashine zinazotikisika: hazijawahi kufanya kazi hata saa moja, na ukiziwasha zinalia. Na kwa kuwa vishimo vimeachana sawa na gololi, zote nane huingia na kutoka kwa pamoja, ndiyo maana kilele chako kinasikika wakati alama bado ni hafifu.

Niambie, hiyo droni unaisafirishaje kwenda shambani?


Mnyunyizi wa Ifakara:

Kwa pikipiki ya matairi matatu, Mzee. Saa mbili au zaidi kwenye barabara ya vumbi, mikono ikiwa imekunjwa na droni imefungwa kwa mipira moja kwa moja juu ya bati la sanduku, ili isiruke. Nilikuwa najisifu kwamba naifunga kwa nguvu.


Mzee Gololi:

Ifunge, lakini chini yake weka godoro, na mota zisibebe uzito wa kitu chochote. Mkifika, zungusha kila kengele kwa mkono mara kadhaa kabla ya kuwasha, ili mafuta yarudi kati ya gololi na njia yake. Beringi mpya usiigonge. Isukume kwa bomba linalogusa pete ya nje tu, ambayo ndiyo inayokaa kwenye kitako.


Asha wa Takwimu:

Kaka, kabla hujabadilisha beringi za mota nyingine, zipime zote jinsi zilivyo, kwenye 50 na 65 Hz, na utunze data ghafi pamoja na picha za pete baada ya kuzifungua. Mota sita zilizosafirishwa pamoja kwenye bati moja, kila moja na kilele chake cha 3.1 na alama zake za kulinganisha, ni kitu ambacho sijakiona kwenye data yoyote ya wazi.


Mnyunyizi wa Ifakara:

Nimepima nne kati ya tano zilizobaki leo asubuhi. Namba 2 na namba 6 zina kilele cha 3.1, cha namba 6 kikiwa kirefu kuliko hata cha namba 1. Namba 3 ni safi. Namba 4 nayo ni safi, ila ni mpya. Namba 5 nitaipima kesho, umeme ulikatika.

Beringi ile ya kwanza, iliyoganda juu ya majaruba, bado ninayo kwenye kopo. Nimeikata pete kwa msumeno nikitafuta alama nane, lakini kutu imekula njia yote ya gololi na hakuna kinachosomeka.